Kanuni za kundi letu la sikoseli: shajara ya mradi kutoka Busia

Shajara hii ni ya kundi la WhatsApp la wazazi na walezi wa watoto wenye sikoseli, ugonjwa wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu za damu zigeuke umbo la mundu. Tulianzia Busia, upande wa Uganda, lakini wanachama wametapakaa: Tororo, Namayingo, Iganga, Kampala, makazi ya wakimbizi ya Kyaka II waliko ndugu zetu Wakongomani, na akina mama kadhaa wa ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kundi linazungumza Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine inayomfikia Msamia, Mjopadhola, Mganda na Mkongomani kwa wakati mmoja.

Naandika ili anayetaka kuanzisha kundi kama letu asianzie tulipoanzia sisi. Hatua za kawaida nazipita haraka, makosa nayaeleza kwa kirefu. Majina yote nimeyaacha, na waliosimuliwa humu niliwaomba ruhusa kwanza.

9 Machi 2024: Kuanza

Tulikuwa akina mama sita tuliozoeana kwenye benchi la kliniki. Mwanangu ana miaka tisa, na mimi nauza mivumba, yaani nguo za mitumba za watoto, sokoni. Tukafungua kundi, nikaweka linki kwenye stetasi yangu na kuwaomba wenzangu waisambaze. Baada ya siku tatu tulikuwa 34, na mwisho wa mwezi 118. Tulifurahi sana. Kanuni ilikuwa moja: tuheshimiane.

Gharama: bando tu.

2 Aprili 2024: Linki iliyoachwa wazi

Kati ya wale 118 alikuwemo mtu aliyejiandika "Daktari" kwenye wasifu wake. Kwa wiki mbili hakusema neno, alisoma tu. Akajua nani mwanawe amelazwa, nani ameachwa na mume, nani ameuza mbuzi kulipia damu. Kisha akaanza kuwapigia mmoja mmoja, akiwataja watoto wao kwa majina. Alikuwa na dawa ya chupa, shilingi 85,000, ya "kugeuza SS kuwa AS", yaani kumgeuza mgonjwa awe mbebaji tu asiyeugua. Aliwaambia kwamba hata Ulaya wameshaikubali.

Habari aliyoipotosha ni ya kweli. Tiba ya kurekebisha vinasaba iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023. Lakini hufanyiwa hospitalini, kwa kutoa chembe za uboho za mgonjwa mwenyewe, kuzirekebisha maabara na kumrudishia, na gharama yake hakuna kati yetu anayeweza hata kuiota. Hainywewi kwa kijiko.

Wanunuzi walikuwa kumi na mmoja. Watatu waliacha kuwapa watoto penisilini na foliki, vidonge vya kusaidia kujenga damu, kwa sababu aliwakataza kuchanganya, na mtoto mmoja akaishia kuongezewa damu. Linaloniuma hadi leo ni kwamba hakuhitaji kumchunguza mtu. Sisi wenyewe tulimwandikia orodha ya wenye dhiki kubwa kuliko wote.

Marekebisho: tulifuta linki ya zamani na kuwasha kibali cha admini kwa kila anayeomba kuingia. Anayeomba anajibu maswali mawili kwa sauti yake: nani amekujulisha kwetu, na mtoto anahudhuria kliniki siku gani? Tuliwaondoa watu 27 tusiowajua. Watano kati yao walikuwa wazazi wa kweli, ikabidi niwapigie na kuwaomba radhi mmoja mmoja. Ukianza, anza na kibali. Kumwondoa mtu aliyeingia kwa nia njema kunamuumiza kuliko kumchelewesha mlangoni.

21 Aprili 2024: Kanuni 23 ambazo hazikusomwa

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari, alituandikia kanuni 23 kwa Kiswahili safi. Tukazibandika. Baada ya wiki niliwapigia wanachama kumi na kumwomba kila mmoja anitajie kanuni moja. Tisa walisema, "Tuheshimiane."

Tukazipunguza zikawa sita, na Hajati, admini mwenzangu ambaye sauti yake kila mtu anaisikiliza, akazirekodi kwa dakika moja na nusu. Hapo ndipo dada mmoja wa Kyaka alipotuuliza "faragha" ni kitu gani. Hakuwahi kulisikia neno hilo. Kwao husema siri. Tukabadilisha: "siri ya mtoto". "Skrinshoti" nayo tukaieleza: kupiga picha kioo cha simu. Tangu hapo hakuna kanuni inayotoka kabla ya kusikilizwa na mtu wa Kyaka, mtu wa Busia na mtu asiyejua kusoma.

17 Mei 2024: Saa nane na dakika kumi usiku

Mama mmoja wa Namayingo aliandika: "Mtoto anachemka jamani. Nimempa paracetamoli. Niombeeni."

Nilikuwa nimelala. Alfajiri nilihesabu majibu: kumi na manne. Tisa yalikuwa maombi. Wawili walimwambia amfute kwa kitambaa cha maji, mmoja anyweshe maji mengi, mmoja aliandika, "Wangu pia huwa hivyo, itashuka." La mwisho lilikuwa kikaragosi cha moyo. Hakuna aliyemwambia aondoke.

Alifika hospitali saa tatu asubuhi. Mtoto alilazwa siku tisa, akapona, namshukuru Mungu. Nilipokwenda kumtembelea, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimvua mtoto soksi, na alinijibu bila kuinua macho: "Dada, niliona watu wengi wako macho na mimi. Nikajua si jambo kubwa. Ingekuwa hatari, wangeniambia niondoke."

Maneno hayo yalibadilisha kundi zima. Nilidhani usiku ule tulikosa elimu. La, nusu ya waliojibu wanajua vizuri kwamba homa kwa mtoto wa sikoseli si homa ya kungoja. Bandama lake huharibika mapema, na bila bandama vijidudu vya nimonia huenea kwenye damu kwa saa chache. Ndiyo sababu tunapewa penisilini ya asubuhi na jioni mpaka mtoto afike miaka mitano. Walijua, lakini kila mmoja alimwona mwenzake amejibu, akaongeza faraja yake juu ya faraja. Upendo wetu ndio uliomkalisha yule mama nyumbani.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Kijana mmoja wa simu tulimlipa 60,000 aweke jibu la moja kwa moja, kwamba mtu akiandika "homa" ajibiwe papo hapo. Majibu ya aina hiyo katika WhatsApp ya biashara hufanya kazi kwenye mazungumzo ya watu wawili tu, si kundini. Pesa ikapotea.

Tulichofanya baadaye kimedumu. Dalili za hatari tulizipitia na muuguzi tunayemwita Musawo, mama wa mtoto wa sikoseli kama sisi: joto la 38.5 au zaidi, kupumua kwa shida au kifua kuuma, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, mkono au mguu kulegea au mdomo kwenda upande, maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani, uume kusimama kwa muda mrefu na kuuma. Ikitajwa mojawapo, jibu ni maneno mawili tu: ONDOKA SASA. Wa pili harudii, anapiga simu. Maombi yanaruhusiwa baada ya mzazi kuandika "niko njiani".

Hilo la maombi lilizua ubishi mkali. Wazee wawili, mmoja mchungaji na mmoja shehe, ndio walioumaliza, wakasema kwa ujumbe mmoja wa sauti kwamba dua haikatiki kwa kupanda boda. Wiki iliyofuata tukanunua vipimajoto 60, kwa sababu "anachemka" kila mtu huipima kwa kiganja chake, na tukaanza zamu ya usiku. Kila mwanachama alitakiwa pia kuhifadhi namba ya boda anayemjua, aliyekubali kuamshwa usiku.

19 Juni 2024: Picha

Siku ya Sikoseli Duniani. Wazazi waliweka picha za watoto wao kwa furaha, nami niliweka ya wangu. Mama mmoja aliweka ya mwanawe wa miaka sita, vidole vimevimba, amevaa sare ya shule.

Wiki tatu baadaye picha hiyo ilikuwa Facebook ikiomba msaada wa matibabu, na namba ya kutumia pesa isiyo ya mamake. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, kwa hiyo sisi tulio karibu na mtoto ndio tuliokuwa wa mwisho kujua. Shangazi yake aliye Nairobi ndiye aliyeiona. Ilichukua siku tisa kuondolewa. Kufikia hapo nembo ya sare ilikuwa imetambuliwa, na mtoto akaitwa "wa kuombewa pesa" darasani. Alikataa kwenda shule mwezi mzima.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaiweka hali ya afya ya mtu kwenye taarifa zenye ulinzi wa pekee, na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Wengi walinijibu, "Lakini mama mwenyewe aliiweka." Ndiyo, kwa ajili yetu. Hakumruhusu mtu kuichukua akaombee pesa.

Tulijaribu ujumbe wa kujifuta wenyewe baada ya siku saba. Ushauri mzuri ukapotea, na picha zilikuwa zimeshahifadhiwa kwenye simu za watu hata hivyo. Tukaachana nao. Tulijaribu kuruhusu picha zilizofunikwa. Mama akafunika jina la kadi ya hospitali kwa kidole gumba, namba ya faili ikabaki wazi chini yake. Sasa sura ya mtoto, sare, kadi na karatasi ya hospitali haziwekwi kabisa. Picha ya kidole kilichovimba tu, bila uso, inaruhusiwa. Admini anafuta kwanza, kisha anampigia aliyeweka na kumweleza. Tuliwafundisha pia wanachama, mmoja mmoja, kuzima hifadhi ya moja kwa moja ya picha kwenye simu zao. Kazi hiyo ilituchukua wiki mbili.

8 Agosti 2024: Karatasi ya majibu

Hii ndiyo siku ninayotamani irudi nyuma.

Baba mmoja alipiga picha karatasi yake ya majibu akaandika: "Wataalamu, nisaidieni. Mimi AA, mke wangu AS, mtoto SS. Inawezekana?"

Mke wake alikuwa kwenye kundi hilohilo.

Hesabu yenyewe tumeifundisha sisi: AA hana kinasaba cha sikoseli, AS amebeba kimoja, SS ana viwili na ndiye mgonjwa. Ili mtoto awe SS lazima apate S kwa baba na S kwa mama. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS. Basi watu wakafanya hesabu hadharani. Ndani ya dakika nne walikuwa wameandika, "Haiwezekani." Mmoja akaongeza, "Muulize mkeo." Jioni yule mama alikuwa ndani ya matatu akirudi kwao na watoto wawili, dawa za mtoto zikiwa zimebaki kwenye kabati la nyumba aliyofukuzwa.

Hakuna aliyeuliza kipimo gani, cha lini. Musawo ndiye aliyeiangalia karatasi kwa makini usiku ule. Ilikuwa ya miaka mitano nyuma, kipimo cha haraka, na "AA" ilikuwa imeandikwa kwa kalamu. Kipimo cha haraka cha aina ile huonyesha tu kama chembe zinageuka mundu au la. Hakiwezi kukuandikia AA, na huweza kukosea. Sampuli nazo huchanganywa. Tulimsihi yule baba apimwe upya kwa elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini zenyewe. Majibu: AS.

Alimfuata mkewe kwao na wazee wawili. Alirudi baada ya wiki tano. Kwenye kundi hajarudi.

Na ingekuwa AA kweli? Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na jibu langu ni moja. Bado tusingekuwa na haki. Siri hiyo ingekuwa ya mama na ya mtoto ambaye siku moja atakua na kusikia ilivyojadiliwa na watu zaidi ya mia.

Kanuni mpya: majibu ya vinasaba hayawekwi kundini, yako wala ya mwenzako. Mwenye swali anaandika "nina swali la majibu" na Musawo anampigia. Kila anapopiga, huanza na kumkumbusha mtu kwamba AS si laana wala si uzinzi. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016, uliopima damu za watoto wachanga karibu 98,000 kote Uganda, ulikuta asilimia 13.3 wanabeba AS, na maeneo ya mashariki na kaskazini yalikuwa juu. Tunaoishi kwenye malaria ya ziwani tunaibeba kwa wingi kwa sababu AS iliwakinga wazee wetu na malaria kali. Hilo la mwisho nimeona likiwatuliza akina baba kuliko maneno yote.

30 Agosti 2024: Dawa

Fupi. Mama alimpa mwanawe wa kilo 14 haidroksiyurea, dawa inayopunguza makali ya sikoseli, kwa kiasi alichosoma kundini cha mtoto wa kilo 30. Kosa liligunduliwa mapema kliniki, mtoto alipopimwa damu, na dawa ikasimamishwa kwa muda. Dawa yenyewe ni nzuri, majaribio yamefanyika hapahapa Uganda, hospitali ya Mulago, na watoto wengi wa kundi letu wameacha kulazwa kila mwezi kwa sababu yake. Lakini hupimwa kwa uzito na huhitaji hesabu ya chembe za damu. Kanuni: taja jina la dawa na ilivyomsaidia mwanao, usitaje miligramu wala idadi ya vidonge.

14 Oktoba 2024: "Je, naye ni admini?"

Hatukuwa tumewafikiria vijana. Walikuwa wameingia kwa simu za zamani za mama zao, na sisi tukawakaribisha kwa mikono miwili kwa sababu maswali yao yalikuwa ya ukweli kuliko yetu.

Msichana wa miaka 15 aliuliza kundini, bila wasiwasi wowote: "Kuna baba mmoja hunitumia bando kila wiki ili nimweleze maumivu ya usiku. Je, naye ni admini?"

Nilisoma mara mbili, mikono ikaanza kutetemeka. Kabla sijaandika, admini mwenzangu alikuwa ameshamtaja yule mwanamume, kumkemea mbele ya wote na kumtoa. Alifanya kwa hasira ya haki, na lilikuwa kosa. Mwanamume akafuta jumbe zake zote kwa msichana na kuzima laini. Ushahidi mwingi ukapotea. Na kila mtu kundini akajua msichana ni nani.

Kidogo kilichobaki kwenye simu kilionyesha hatua zake. Kwanza pole, kisha bando, kisha "usimwambie mama, atakunyang'anya simu", na mwisho ombi la picha ya "mahali panapouma". Hakuituma. Tulikwenda na mama yake polisi, kwenye kitengo cha kulinda mtoto na familia, na tulipiga 116, namba ya bure ya watoto. Mhudumu wa 116 alitusikiliza vizuri sana, akampa msichana mtu wa kuzungumza naye.

Utaratibu wetu sasa ni kinyume cha tulichofanya. Kundini tunanyamaza. Tunampigia mzazi au mlezi, isipokuwa mtoto akituambia shida iko nyumbani, hapo tunaanza na 116. Simu ya mtoto haifutwi kitu, na picha za jumbe hazisambazwi hata kati ya maadmini. Tunaripoti. Mwanachama anaondolewa mwisho, kimyakimya.

Vijana wa miaka 13 hadi 17 wana kundi lao, kwa ridhaa ya mzazi iliyorekodiwa kwa sauti. Lina watu wazima watatu na hakuna kati yao anayemwandikia kijana inboksi, hata kwa salamu. Kijana mwenye siri huzungumza na wawili kwa simu moja yenye spika wazi. Linafungwa saa tatu usiku, na mwenye maumivu baada ya hapo humwamsha mzazi au hupiga simu ya zamu. Bando tunawanunulia kutoka kwenye mfuko wa kundi, 5,000 kwa mwezi, ili kusiwe na mtu mzima anayemdai kijana shukrani.

Shida moja haijatatuliwa: kundini namba ya kila mtu huonekana na kila mtu. Tumewafundisha kuzuia namba, na kwamba mtu mzima anayetaka siri na mtoto aripotiwe hata kama ni mimi.

3 Desemba 2024: Msiba

Tulipoteza mtoto wa miaka saba. Mama yake, kwa uchungu, aliweka picha ya mwili, kanula ikiwa bado mkononi.

Mwanangu alikuwa ameshika simu yangu akicheza. Alinirudishia akaniuliza, "Mama, wangu utakuwa lini?" Nilimkumbatia, nikakaa naye hadi akalala. Kisha nikafanya kosa. Nilifunga kundi, maadmini tu wakaweza kuandika, na mwenzangu mwingine, kwa huruma, akamwondoa yule mama "asiumizwe na habari za watoto wa wengine".

Siku ya arobaini alituambia: "Mlifunga mlango nikiwa nje."

Tulimwomba msamaha kwa miguu, nyumbani kwake. Sasa habari ya kifo hutangazwa na admini kwa sentensi mbili, bila picha na bila kueleza chanzo. Tunawapigia kwanza wazazi ambao watoto wao wamelazwa siku hiyo, wasiisome peke yao wodini. Tunafungua chumba cha msiba kwa wanaotaka kukaa na mfiwa, naye huweka humo chochote moyo wake unachotaka. Aliyefiwa haondolewi. Anabaki mpaka atakapotaka mwenyewe, na wawili waliobaki ndio wanaopokea simu za wafiwa wapya vizuri kuliko sisi wote.

26 Januari 2025: Uchovu na hesabu

Maadmini wawili kati ya wanne waliacha mwezi huu. Mmoja aliniambia amekuwa akiamka kila simu inapolia, hata ikiwa ni ujumbe wa mtandao wa simu. Tulikuwa tumewalinda watoto na wazazi tukajisahau. Sasa tuko saba, simu ya zamu ni moja, inatoka mkono hadi mkono kila wiki, na anayeikabidhi hazungumzi habari za kundi siku tatu. Admini ambaye mwanawe amelazwa anatolewa kwenye zamu bila kuomba.

Matumizi tangu tuanze, kwa shilingi za Uganda: vipimajoto 480,000, kadi 200 za dalili za hatari zilizopakwa plastiki 240,000, simu ya zamu ya mtumba na laini 190,000, lile jaribio lililopotea 60,000, bando la zamu miezi minane 360,000, bando la vijana miezi mitatu 330,000, nauli za mikutano na za kwenda polisi 275,000. Jumla 1,935,000. Michango ya 2,000 kwa mwezi ilileta 1,610,000, kwa sababu si wote wanaoweza na hatumtoi mtu kwa kutolipa. Pengo la 325,000 tulilijaza watatu. Anayeiga, asianze na simu wala kadi. Aanze na vipimajoto.

15 Februari 2025: Zilivyo leo

Tuko 212. Hivi ndivyo Hajati anavyomkaribisha kila anayeingia, kwa sauti yake, dakika moja na sekunde ishirini:

"Karibu, mzazi mwenzetu. Dalili ya hatari ikitajwa, tunasema ondoka sasa, hatusemi kingine mpaka uwe njiani. Siri ya mtoto ni yake, sura yake na karatasi zake zibaki kwako. Majibu ya damu hayaletwi hapa, tutakupigia. Taja dawa, usitaje kiasi. Hakuna kuuza wala kuomba pesa, na ukipigiwa na muuzaji tuambie. Mtu mzima haingii inboksi ya kijana. Aliyefiwa ni wetu. Ukikosea tutakupigia simu, hatutakuaibisha mbele ya watu. Sasa tuambie, mwanao anaitwaje nyumbani? Jina la utani linatosha."

Wiki iliyopita, saa tisa kasoro usiku, mama mpya wa Iganga aliandika joto 39.1. Jibu la kwanza lilitoka Kyaka baada ya dakika moja, la pili lilikuwa simu. Dakika ishirini na sita baadaye aliandika kwamba yuko njiani, na hapo ndipo maombi yakaanza.

Yule mama wa karatasi ya majibu alipita kwenye kibanda changu jana, akanunua sweta mbili. Nilimpa kadi na kipimajoto, akavipokea. Sikumuuliza habari za kurudi kundini. Zamu ya usiku kuanzia leo ni yangu na Musawo, na kadi 31 zilizobaki ziko kibandani, nyuma ya marobota ya nguo za watoto.